Ua la Nyigu na Moshi wa Marehemu

17 Desemba 1955

Leo nimetoka edani. Nimeoga, nimevaa kanga ya rangi, kisha nimekaa uani nisijue pa kwenda, kama mfungwa aliyefunguliwa mlango akasahau kwao ni wapi. Mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni akasema rangi ile hainipendezi. Basi hiyo ndiyo pole niliyopata.

Daftari hili aliniletea marehemu mume wangu, Hassani, kutoka dukani kwa Jaffer mjini Kondoa, safari yake ya mwisho ya kuuza nta. Alisema amechoka kunisikia nikilalamika kwamba niliyofundishwa shuleni yanaozea kichwani. Baba yangu alikuwa karani wa boma, akanisomesha hadi darasa la nne, na mama mkwe hajamsamehe kwa hilo hadi leo. Sasa naandika. Mtu wa kuzungumza naye humu ndani sina.

Hassani alikufa mwezi wa nane. Alikuwa juu ya mgunga analina asali, kamba ikakatika. Hatukujaliwa mtoto, wala yeye hakuwa na ndugu wa kiume. Tumebaki mimi na mama yake katika tembe moja huku milimani, juu ya Kolo, tunagawana mlenda na ukimya. Mali iliyobaki ni shamba la uwele na mizinga ya nyuki, mingine bondeni, mingine juu kwenye mawe. Mizinga ndiyo chumvi yetu, ndiyo sabuni, ndiyo nguo.

Kwa ukoo wao mwanamke hapandi mtini. Mwenye mizinga akifa, mjane wake huwapa nyuki habari, na kabla masika hayajaisha huwatambulisha kwa mwanamume atakayeichukua mizinga na kumchukua yeye mwenyewe. Asipopatikana mtu, mizinga inarudi kwa ukoo. Binamu zake Hassani wamekuja kunipa pole zaidi ya mara moja, na kila mara midomo ilikuwa kwangu, macho yalikuwa bondeni.

18 Desemba

Nimewaambia nyuki. Nilichukua mti mrefu nikagonga kila mzinga kwa chini, nikasema, "Hassani amekufa. Mimi ni Batuli." Walivuma kidogo wakanyamaza. Nimesikia pole nyingi mwaka huu, na ile ilikuwa afadhali kuliko zote.

24 Desemba

Mvua. Tembe linavuja juu ya kitanda changu tu.

2 Januari 1956

Amekuja mgeni. Jina lake Athuman, mtu wa Dodoma, anakaa Makole, anazunguka kumnunulia tajiri mmoja nta. Lori lililomleta lilikwama kwenye tope pale Kolo, akafika kwetu ameshika viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, anacheka. Ni mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Simpendi mtu wa namna hiyo, hakuachii neno likapoa.

Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa nusu mdomo. Nikamwambia nta hatuna, mwenye kulina amekufa. Akakaa chini, hata mkeka hakuusubiri, akaanza kuuliza habari za Hassani. Alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kukaa wapi pale uani, akirudi kutoka porini alisema nini. Nilidhani ni adabu. Mama, ambaye tangu mwezi wa nane hajaongea nami zaidi ya chumvi na kuni, aliongea naye mpaka jua likazama.

5 Januari

Athuman bado yuko, amefikia kwa jumbe. Leo alikuja nikiwa kisimani, akamkuta mama peke yake. Niliporudi alikuwa amekwisha kuondoka na mama alikuwa anaimba. Mama haimbi.

9 Januari

Kupalilia. Bwana kilimo alipita, akasema matuta yangu hayatoshi kuzuia maji na Bwana Shauri, Mzungu wa boma, atakasirika. Nikamwambia akimwona ampe salamu zangu.

15 Januari

Nilikwenda bondeni kukata majani ya kuezekea banda la kuku. Pale kwenye unyevunyevu, chini ya mizinga, kuna maua ambayo nimeyaona kila masika bila kuyaangalia. Shina moja, majani mawili yamelala chini, na juu maua machache ya kijani. Katikati ya kila ua kuna kitu chekundu chenye manyoya, kina madoa meupe. Yule bibi wa Kizungu aliyepita mwaka juzi akichimba mimea na kuibana ndani ya magazeti alichukua moja. Mkalimani wake alituambia jamii hiyo ya maua inaitwa okidi na huko Ulaya watu huyalilia. Watoto wa hapa huliita ua la nyigu.

Kweli walijaa nyigu. Walizunguka, wakatua, wakaruka, wakarudi. Nikafurahi. Nilijiambia kwamba pakiwa na karamu ya namna hii kwa nyigu, nyuki nao hawatalala njaa, na mizinga ya Hassani itajaa mwaka huu hata kama yeye hayupo kuiona.

23 Januari

Leo nimelia shambani, na sababu yake ni ya aibu, lakini daftari halina mdomo.

Nilikuwa nimeinama napalilia. Ikaja harufu kutoka nyuma yangu. Kila mlina asali ana moshi wake wa kuwatulizia nyuki. Wengi huchoma kinyesi kikavu cha ng'ombe, basi. Hassani alichanganya kinyesi hicho na majani ya mvumbasi na ubani wa porini aliouchuma mwenyewe kule kwenye mawe, akauweka katika mkoba wake wa ngozi. Alisema nyuki wake wanamjua kwa harufu ile na mtu mwingine wangemla mzima. Harufu hiyo ilikuwa kwenye shingo yake, kwenye mashati yake, kwenye mto wangu. Niliufua ule mto nilipoingia eda kwa sababu wanawake waliniambia niufue, na tangu siku hiyo najilaumu kuliko ninavyoweza kuandika.

Bila kugeuka nikasema, "Leo umewahi."

Nikageuka. Alikuwa Athuman, ana jembe begani. Nikakaa juu ya tuta nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Yeye hakucheka siku hiyo. Alingoja nikamaliza, kisha akasema ametoka kumsaidia mzee mmoja upande wa Bereko kulina, labda ni moshi wa huko. Halafu akalima tuta langu mpaka mwisho, akashika la pili.

Nilimwamini. Mvumbasi umejaa kila mahali, na ubani wa porini hauna mwenyewe.

Jioni alipitia nyumbani kuaga. Mama alikuwa anapepeta uwele. Alisimamisha ungo hewani, pua juu. Kisha akaingia ndani akatoka na kigoda cha Hassani, kile ambacho hakijakaliwa na mtu tangu mwezi wa nane, akakipangusa kwa kanga yake, akamwekea.

24 Januari

Mvua kubwa. Hakuja.

25 Januari

Mvua. Hakuja. Sijui kwa nini naandika kwamba hakuja.

3 Februari

Sasa anakuja karibu kila siku. Akikaribia uani hupiga mluzi, mrefu kisha mfupi. Mluzi huo ni wa Hassani. Nilimuuliza ameutoa wapi, akasema ameusikia kwa watu wa hapa, hakujua ni wa nani, nikitaka ataacha. Sikumwambia aache.

Mama amegeuka mtu mwingine. Anamwekea maziwa ya mgando, anamchagulia kipande cha nyama. Mimi niliyefunga ndoa na mwanawe nilikaa humu miaka sita nikala mifupa. Leo kacheka mpaka akashika mbavu. Niliona wivu, nikajiuliza namwonea nani, mama au Athuman, nikaacha kujiuliza.

12 Februari

Binamu wa Hassani wamekuja tena. Walimkuta Athuman amekaa juu ya kile kigoda. Waliondoka bila kunywa uji.

20 Februari

Athuman amemtuma mwalimu wa madrasa kuniposa.

Mwalimu alizungumza vizuri, akasema mgeni ni mtu wa swala tano na ana kazi. Ndoa itafungwa baada ya Idi, kwa sababu kabla ya hapo lazima apeleke nta Dodoma na kutengeneza mambo yake. Ila jambo la mizinga lisingoje Idi, maana masika yatakuwa yamekwisha na ukoo utadai. Heri nimtambulishe kwa nyuki mapema, halafu sheria ifuate.

Ilikuwa busara tupu. Mama aliitikia kabla yangu. Hata mahari hakuuliza, yeye ambaye baba yangu alipomtaka mbuzi mmoja zaidi aligombana naye sokoni mbele ya watu.

Nami nimekubali. Ningeweza kuandika kwamba nimekubali kwa ajili ya mizinga, na watu wote wangenielewa. Lakini nimekubali moshi ule. Anapokaa karibu yangu nafumba macho kidogo tu, kama mtu mwenye jua usoni.

4 Machi

Uwele umesimama vizuri. Ndege wameanza.

11 Machi

Leo nimegundua siri ya ua la nyigu, nikacheka peke yangu bondeni kama mwehu.

Hapa kwetu kuna mdudu wa mchangani, asiye na mbawa, mwekundu, ana manyoya na madoa meupe mgongoni. Ukimkanyaga huyo kwa mguu mtupu utaita mama. Watu hudhani ni aina ya siafu. Siyo, ni nyigu jike. Dume ana mbawa, anamtafuta jike chini, akimpata anampanda. Niliwaona wawili hao leo njiani, nikawaangalia mpaka nikaona haya.

Nilipofika bondeni nikaangalia ua, nikaona mdudu yule yule. Ule wekundu wa katikati, yale manyoya, yale madoa. Ua limejifanya jike. Nyigu wanaokuja pale wote ni madume wanaotafuta mke. Nilimwona mmoja ametua, amelikumbatia ua, anatetemeka, amejitahidi kama mtu wa kazi ya kipande. Alipoondoka alikuwa amebandikwa madonge mawili ya manjano kwenye paji la uso. Asali hakupata tone, nililipasua ua moja kwa ukucha nikaonja, kavu kabisa. Mke hakupata pia. Amekuwa mpagazi wa ua asiyelipwa, anachukua unga wake kwenda kuupakaza ua jingine. Na kweli alikwenda kwenye ua la pili, akalikumbatia vile vile.

Kwa hiyo nilikosea nilipofurahi mwezi wa kwanza. Pale hapakuwa na karamu.

Nilimsimulia Athuman jioni. Nilimwambia huyo nyigu ni mjinga wa wajinga, hata baada ya kudanganywa anakwenda kudanganywa pale pale kwa jirani. Athuman alicheka sana. Alicheka kuliko mimi, akaniomba nimsimulie tena lile la madonge usoni.

25 Machi

Nimemtambulisha Athuman kwa nyuki.

Alikuwapo jumbe kuwa shahidi, na mama alikuja na fimbo yake, ijapokuwa huwa hateremki bondeni. Athuman alipanda, akafukiza, akauteremsha mzinga wa kwanza kwa kamba. Nilitegemea nyuki wamjie juu, sijui kwa nini nilitegemea hivyo, au nilitamani. Hawakumgusa. Walitulia kama wanavyotulia kwa bwana wao. Nilishika mkono wake nikauweka juu ya mzinga wa kwanza, nikasema maneno ya ukoo, "Huyu ndiye mwenyewe. Mkimwona yeye mmemwona aliyeondoka." Tukafanya hivyo kwa kila mzinga, wa bondeni na wa juu kwenye mawe. Kando ya alama ya Hassani, ambayo ni msalaba na nukta, Athuman akakata alama yake kwa kisu. Alikata ndani sana.

Wakati wa kurudi mama alinishika mkono kwenye mteremko. Hajawahi kunishika mkono.

3 Aprili

Athuman amepanda lori kwenda Dodoma. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Masika yanaisha, kumbe kuna vumbi tena.

12 Aprili

Mwezi umeandama, leo tumefunga. Kimya kutoka Dodoma.

20 Aprili

Kimya.

29 Aprili

Dereva wa lori ameniletea kanga doti moja kutoka kwa Athuman, nyekundu na nyeupe. Salamu za mdomo: nivumilie mpaka Idi. Mama ameichukua akainusa. Akasema inanuka duka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepunjwa.

7 Mei

Tumevuna uwele. Mgongo umekatika.

12 Mei

Idi. Nilivaa kanga nyekundu. Nilipika wali, nikafunika sahani ya mtu wa tatu. Sahani imekaa hapo. Mama alikula kichwa chini, na mimi ningependa angesema rangi hainipendezi.

19 Mei

Amekuja, ila uani hakufika.

Niliamka nikaona lori limesimama njia ya bondeni. Nikakimbia. Athuman alikuwa na wanaume wawili, wameshusha mizinga ya bondeni, wanaikamua. Madebe ya masega yamepangwa kwenye majani, na pale walipoyapanga wameyakanyaga yale maua, ingawa maua yenyewe yalikuwa yamekwisha kunyauka. Alinisalimu vizuri tu, kama unavyomsalimu mtu wa duka. Nikamuuliza habari ya Idi. Akasema kazi zilimbana. Nikamuuliza habari ya ndoa. Akasema mambo yanatengenezwa, nisiwe na haraka, na ile ya juu kwenye mawe atakuja kuilina baada ya wiki kadhaa. Wale wanaume walikuwa wanaangalia pembeni. Mtu akiangalia pembeni wakati unaongea na mwenzake, ujue anajua jambo.

Sehemu yetu je? Nilimuuliza hilo pia. Alinikatia sega moja, akaliweka juu ya jani, akanipa. Nilibeba sega lile mpaka nyumbani kama mtoto aliyepita jikoni kwa watu.

22 Mei

Nilishuka Kondoa, kwa Jaffer. Mzee mwenyewe alikuwa ameenda Dodoma, nikamkuta mkewe, Fatmabai, ambaye ananijua tangu enzi za baba. Aliona kanga yangu, akaishika pindo. Kisha akaniketisha nyuma ya duka, akanipa chai, akaniambia bila kuzungusha. Athuman alinunua kanga hizo kwao, doti mbili za namna moja. Moja akampa dereva aniletee. Nyingine aliipeleka mwenyewe Dodoma, maana siku ya Idi alikuwa anaoa, Makole, msichana mbichi, binti wa yule tajiri wa nta. Fatmabai alidhani najua.

Akaendelea, kwa sababu alikuwa ameshaanza na mimi sikumzuia. Yuko mjane mwingine Bereko. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa ugoro na kikohozi cha asubuhi. Athuman alipofika kule alinusa ugoro akakohoa asubuhi, mpaka yule dada akamkabidhi mizinga yote mwaka jana. Dada huyo alipokuja dukani kulalamika alikuwa bado anasema, lakini mama, alikohoa vile vile kabisa.

Sikulia mbele ya Fatmabai. Nililia njiani, tena kwa hasira, nikijiona nimebandikwa madonge ya manjano kwenye paji la uso. Nilimsimulia mimi mwenyewe. Alitaka nirudie.

24 Mei

Nimekwenda kwa jumbe kushtaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Batuli, mwanangu, ni wewe uliyemshika mkono ukaweka juu ya mzinga. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Alama yake imo." Nikasema alinidanganya. Akaniuliza alinidanganya kwa neno gani, nilitaje neno moja. Nikatafuta. Sikulipata. Kila alilosema lilikuwa labda, au baadaye, au sijui ni la nani. Nitamwambiaje jumbe kwamba mtu alinidanganya kwa harufu?

Binamu wa Hassani walikuwa wamekaa barazani pale. Walicheka, na sina haki ya kuwakataza.

26 Mei

Niliinua mikono darini kutafuta kamba ya kufungia magunia. Mkoba wa ngozi wa Hassani, mkoba wa moshi, haupo. Niliuweka pale mwenyewe siku tuliyomzika. Nilipekua mpaka vumbi likaniziba. Kisha nikatoka uani, mama amekaa anachambua mboga, nikamuuliza. Nilikuwa nataka kumuuliza kama ameona panya.

"Nilimpa mimi," alisema.

Nilimuuliza alimpa nani, ingawa nilijua.

"Huyo. Siku ile ulipokwenda kisimani. Aliniuliza Hassani alikuwa anafukizaje. Nikamwonyesha. Mkobani ulikuwa umebaki unga kidogo tu, nikamchanganyia mwingine kwa mikono yangu hii."

"Kwa nini, mama?"

Hakuacha kuchambua. "Nilitaka harufu yake ipite uani. Mara moja tu. Akapita. Nikaona wazi kwamba siye. Nikamwambia arudi kesho."

Nilimtukana. Maneno niliyomwambia sitayaandika. Nilimwambia ameuza chumvi yetu na nguo yetu na mimi mwenyewe, kwa mchanganyiko wa kinyesi na majani. Na mluzi je? Na mluzi alimfundisha yeye. Na kigoda. Alinijibu kila kitu, hakuficha hata kimoja, na kila alivyojibu hasira yangu ilizidi kukosa mahali pa kushika. Mwishoni aliniambia, taratibu, "Wewe ulipoteza mume. Waume wapo. Mimi nitapata wapi mwana?"

Nikamwambia hayo angeyafikiria kabla. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

27 Mei

Hatusemezani.

29 Mei

Hatusemezani. Amepika mlenda, akaacha changu kwenye chungu.

1 Juni

Nimekuwa nikifikiri. Mama alijua tangu siku ya kwanza kwamba yule si Hassani. Mimi je? Mimi nilifumba macho nikajiambia ni jua. Namchukia mama kwa kuwa alimpa Athuman mkoba. Lakini mkoba mtupu haukumwingiza mtu kwenye nyumba yetu. Mlango tuliufungua sisi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na kila mmoja akimficha mwenzake.

Simsamehi. Nimeandika hili ili nikisoma baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa mwema.

10 Juni

Alasiri lori limepita tena, safari hii njia ya juu. Wamekuja kumalizia mizinga ya kwenye mawe. Nilikuwa napura uwele uani. Niliwaona wadogo kule juu, mmoja anapanda, wawili chini, na moshi ukaanza kutoka.

Nilijua ni nani. Nilijua anachukua nini, na kwamba akimaliza leo hatutamwona tena, na mwezi ujao tutalamba chumvi ya kuazima. Niliokota jiwe, sijui la kumpiga nani kwa umbali ule. Nikamkumbuka yule nyigu wangu. Wakati wote niliomcheka sikujiuliza jambo moja: pengine naye alikuwa ameshaonja ua la kwanza, akajua si jike, na la pili akalifuata kwa kuwa majike ni wachache na masika ni mafupi.

Upepo ukageuka, ukauteremsha moshi mpaka uani kwetu. Kinyesi, mvumbasi, ubani.

Mama alitoka ndani. Hatujasemezana tangu siku ile. Alikuwa ameshika vigoda viwili, chake na cha Hassani. Akaviweka ukutani, pale upepo unapopita, akakaa kwenye chake, akanyoosha shingo, macho amefumba. Kigoda cha pili hakukigusa wala hakuniita.

Nilitupa jiwe chini. Nikaenda nikakaa.

Baadaye aliniuliza kwa sauti ndogo iwapo upepo umegeuka. Nikamwambia, "Bado, mama."

Tumekaa pale mpaka moshi ulipokwisha.